Madirisha Kumi na Manane

Kasongo, tarehe 5 Machi 2023

Mjomba Grégoire mpendwa,

Ukiipata karatasi hii, mshukuru Paluku, yule mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka mabuti na tochi kwa wachimba dhahabu wa Lusangi. Ameniapia kwamba pikipiki yake itaifikisha mpaka Kabambare. Simu yako nimeijaribu tangu Noeli. Kila mara yule mwanamke wa mtandao ananijibu kwamba hupatikani, tena kwa sauti ya mtu anayefurahia habari hiyo.

Kwetu tu wazima. Mdogo wangu Sonia ameingia mwaka wa pili wa shule ya wauguzi, na sasa hakuna mgeni anayekaa kwetu bila kupimwa presha. Mama amevuna karanga za kutosha. Goti linamsumbua, lakini ukimuuliza anasema goti ni lake na wewe shughulika na yako. Nisalimie mkeo Laetitia, na kuku wake wote waliobaki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Shule yetu inatimiza miaka hamsini, na jubile itakuwa Jumamosi tarehe 10 Juni. Kila darasa limeombwa kutengeneza kitu kinachoonyesha Kasongo itakavyokuwa miaka hamsini ijayo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano sayansi walibishana kipindi kizima, mpaka binti mmoja, Plamedi, akasimama akasema: «Madame, barabara imetushinda. Tupite juu.» Basi ndiyo maana mezani kwangu pamelala chombo cha anga cha urefu wa mita moja. Tumekichonga kwa mti wa parasolie, ule mwepesi, pua yake ni kopo la maziwa na mabawa ni katoni za sabuni. Tumekiita Lualaba Moja. Kina madirisha kumi na manane tuliyoyatoboa kwa msumari wa moto, na matundu manne mkiani.

Ni kizuri, mjomba, lakini kimelala. Ninataka madirisha yawake meupe na mkia uwake mwekundu. Umeme ninaufundisha ubaoni mwaka wa sita huu, ila taa ya LED sijawahi kuishika nje ya tochi. Nimesikia una gunia zima la tochi za kichwa ambazo wachimbaji wameziua. Naomba unisaidie taa na maelezo.

Ombi la pili ni kubwa kuliko hilo. Njoo siku ya jubile. Mama hana ndugu mwingine aliye hai ila wewe, na miaka kumi na moja hujakanyaga uwanja wake. Ninataka nikuone umekaa kwetu, unakula, unatucheka. Hilo ndilo ninalolitaka, taa ni nyongeza. Mama hajui kwamba ninakuandikia.

Mupwa wako,
Elsa


Kabambare, tarehe 2 Aprili 2023

Elsa, mwalimu wangu,

Barua yako ilikaa siku tisa mfukoni mwa Paluku kwa sababu daraja la mbao lilikatika, na mfuko wenyewe ulikuwa na samaki. Nimeisoma kwa pua kwanza. Tumefurahi. Laetitia anasema kuku wamebaki saba, na kwamba wewe ulivyouliza ni kama uliota, kwa maana mwewe alipita wiki hiyo hiyo.

Mimi niko palepale sokoni, chini ya bâche yangu, lile turubai, ninafungua redio na tochi. Gunia unalolisema ni la kweli, ingawa sijui nani amekuambia. Wachimbaji wanaingia nazo majini, wanazipiga mawe, wanaziweka mapile, yaani betri, za kila namna, kisha wananiletea kama mgonjwa aliyechelewa. Kwenye kopo hili kuna taa ishirini na tano nyeupe nilizozijaribu moja moja, na sita nyekundu.

Fuata hivi. Kila taa ina miguu miwili. Mguu mrefu ni wa upande wa jumlisha wa pile, mfupi ni wa kutoa. Ukikosea haitawaka, na ukikosea kwa nguvu haitawaka tena milele. Chuma cha kuchomelea kitie kwenye makaa, kikianza kuchukua rangi ya embe, kitoe. Gusa, hesabu mbili, ondoa. Ukihesabu tano umeiua. Mapile matatu yanatosha. Mafili, zile nyaya, uyapitishe ndani ya tumbo la chombo, na madirisha uyafunike kwa karatasi ya mafuta ili mwanga usichome macho. Kila taa uliyoichomelea ijaribu kabla ya kwenda kwa nyingine, gizani, ndiyo utaona vizuri.

Nimemaliza karatasi.

Mjomba wako,
Grégoire

Nimepata kipembe kimoja bado cha karatasi. Goti la mama yako ni la kushoto ao la kulia?


Kasongo, tarehe 16 Aprili 2023

Mjomba mpendwa,

Pasaka imepita salama. Mama aliimba misa yote akiwa amesimama, halafu akakaa siku mbili. Goti ni la kushoto. Sonia amempima presha mpaka padri.

Kopo lilifika, nalo lilinuka samaki. Tumejifungia kwenye depo la shule, mlango na dirisha tumeziba kwa magunia, tukachomelea Jumamosi mbili. Miguu mirefu upande mmoja, mifupi upande mwingine, zote ishirini na mbili kwenye mafili mawili. Nikaunganisha mapile. Mkia ukawaka, mwekundu kabisa, wanafunzi wakapiga makofi. Madirisha hayakuwaka hata moja.

Tukadhani tumeziua. Nikazitoa nyekundu, nyeupe zote zikawaka. Nikazirudisha nyekundu, nyeupe zote zikazimika. Nikafanya hivyo mara nne kama mtu aliyerogwa. Mkuu wa shule akachungulia, akatazama ule mkia, akasema: «Madame Elsa, hii hapana chombo ya mbinguni. Hii iko mbabula.» Sasa darasa zima wanakiita Mbabula, jiko la makaa, na wa darasa la sita wanauliza tunachoma mahindi saa ngapi. Niokoe.

Mjomba, barua yako ilikuwa na maelezo ya kila mguu wa kila taa, na tarehe 10 Juni haimo. Niliigeuza karatasi pande zote mbili. Wewe na Mama mna nini hasa? Mimi najua tu kwamba Baba alipofariki, redio yake ilinyamaza mwezi uleule, Mama akakupa uitengeneze, ukaondoka nayo, na hukurudi. Nilimuuliza Mama jana wakati anapepeta karanga. Alisema: «Muulize redio ya bwana yangu iko wapi.» Akaendelea kupepeta.

Basi ninakuuliza. Iko wapi?

Mupwa wako mwenye mbabula,
Elsa


Kabambare, tarehe 7 Mei 2023

Elsa,

Tumekucheka mpaka Laetitia akakaa chini. Hujarogwa. Kosa ni langu, nilisahau kukuandikia jambo ambalo mikono yangu inalifanya bila kuniuliza.

Taa nyekundu inatosheka na nguvu ndogo. Nyeupe inahitaji nyingi kidogo ndipo ifungue macho. Ukiziweka zote kwenye fili moja bila kizuizi, nyekundu inakunywa ya kwanza, inashusha nguvu mpaka kimo chake, na nyeupe zinabaki zinangojea kitu kisichofika. Hazikufa. Kila taa lazima iwe na rezistansi yake, ule mwili mdogo wenye mistari ya rangi, ichomelewe kwenye mguu mmoja. Hapo kila moja itachukua sehemu yake na kuiachia mwenzake. Nimekuwekea thelathini nilizozing'oa kwenye televizio ya pasta. Usijali, ilikuwa imeangukiwa na paa.

Fanya tena, kwa utaratibu. Sasa hivi ninajenga na mimi bawa moja la kujaribia, la bati, hapa chini ya bâche, ili nikikuambia kitu niwe nimekiona. Watu wanadhani ninatengeneza ndege. Nimewaacha wadhani.

Kuhusu redio, kuna kipande ninakingojea kutoka Bukavu.

Kuhusu mwezi wa sita, kazi ni nyingi. Wachimbaji wamefungua shimo jipya na kila mmoja ana tochi.

Mjomba wako,
Grégoire


Kasongo, tarehe 18 Mei 2023

Mjomba mpendwa,

Zinawaka. Zote. Jumamosi tulijifungia tena kwenye depo, wanafunzi kumi na wanne na joto la kutosha kupikia ndizi, nikagusisha mafili, na madirisha kumi na manane yakafunguka kwa pamoja, meupe, na nyuma yake mkia mwekundu. Plamedi alitaka kujua abiria wako wangapi. Mimi nililia kidogo, nikasingizia moshi wa makaa. Jina Mbabula limekufa, na mkuu wa shule ameomba radhi mbele ya darasa, kwa kicheko.

Kinakosekana kitu kimoja, swichi. Sasa hivi nikitaka kuzima ninavuta fili kwa vidole, na siku ya jubile kutakuwa na wakubwa. Nitafutie swichi nzuri, kitu ambacho mtu akikigusa anajua amewasha chombo cha kwenda mbinguni.

Habari za nyumbani ni nzuri. Mama anatembea mpaka sokoni na kurudi.

Sasa univumilie, maana wewe ni mjomba wangu na ninakuheshimu. Paluku anaenda Bukavu kila baada ya miezi miwili. Nilimuuliza kama umewahi kumtuma kipande cha redio. Alisema: «Yule muzee? Hajanitumaka hata sindano.» Mjomba, nimesahihisha daftari miaka sita. Mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani ninamtambua tangu mlangoni, anavyoanza kuniambia habari za bibi yake mgonjwa. Kipande kutoka Bukavu ni bibi mgonjwa.

Sikuandikii kwa hasira. Ninakuandikia kwa sababu jubile imebaki wiki tatu, na nimekwisha kuweka kiti chako akilini, kati ya Mama na Sonia. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya. Kisha njoo.

Elsa


Kabambare, tarehe 30 Mei 2023

Elsa mupwa wangu,

Laetitia yuko shambani na wateja nimewafukuza. Ninaandika kabla sijabadilisha mawazo.

Baba yako Jean-Pierre, unakumbuka, kila siku saa sita na nusu alikaa na redio yake pajani akasikiliza habari. Alipokufa, yaya Victorine, mama yako na dada yangu mkubwa, aliiwasha kila siku saa ileile, siyo kwa kusikiliza, kwa kusikia tu. Kisha ikanyamaza. Akaniita kutoka Kabambare. Alisema: «Grégoire, wewe ndiyo fundi. Unirudishie sauti ndani ya nyumba.» Na mimi nikajibu kwamba hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nilisema mbele ya watu, na nilikuwa nimefunga tai ya matanga.

Niliileta hapa. Kweli ilikuwa kazi ya dakika kumi, fili moja lilikuwa limekatika. Nililichomelea. Nikatia mapile sita huku ninaongea na mteja, ninamwonyesha fundi wa Kabambare anavyofanya kazi. Niliyatia kinyume. Moshi ulitoka kabla sijamaliza maneno. Kosa ninalowaonya watoto wa mwaka wa kwanza wanaojifunza kwangu wasilifanye, mimi nililifanya kwenye redio ya marehemu. Vyote vya ndani viliungua.

Yaya aliponipigia simu kuuliza, nilisema ninangojea kipande kutoka Bukavu. Ilikuwa siku ya Jumanne. Nilitaka tu nipate wiki moja ya kufikiri. Tangu Jumanne hiyo kipande kiko njiani miaka kumi na moja. Mwanzo nilishindwa kumwambia kwa sababu ya redio. Baadaye nilishindwa kwa sababu ya miaka. Ninaona haya, Elsa, na haya yenyewe imezeeka pamoja na mimi.

Swichi yako hii hapa. Ni ile ya redio, ndicho kitu kimoja kilichopona. Kichwa chake baba yako alikichonga mwenyewe kwa mti mweusi, cha kiwandani kilipopotea, na ule mkato wa kisu aliuweka ili vidole vijue bila macho. Ukizungusha inalia tak. Miguu miwili ya nyuma ndiyo ya kuwashia, ile mitatu ya mbele iache. Nimefikiri ni afadhali iwashe kitu kuliko kulala kwenye sanduku langu.

Yaya usimwambie imetoka wapi. Na mimi sitakuja. Ninaweza kusimama mbele ya wakubwa wote wa Maniema, lakini mbele ya macho ya dada yangu siwezi.

Grégoire


Kasongo, tarehe 12 Juni 2023

Mjomba mpendwa,

Sonia amemaliza muhula, Mama ni mzima, karanga zimekauka. Nimefupisha salamu kwa sababu nina mengi.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Meza yetu waliiweka katikati kabisa, mahali pa heshima, saa saba mchana, bila hata kivuli cha sahani. Mkuu wa shule akatangaza Lualaba Moja. Watu wakasogea. Nikazungusha, tak. Hakuna kilichotokea. Nikazungusha tena. Padri akainama, akasema kwa upole: «Madame, moto iko wapi? Mi sione kitu.»

Mjomba, taa zilikuwa zinawaka. Niliweka kiganja juu ya dirisha moja nikaona mwanga kwenye ngozi. Lakini jua lile lilizimeza zote. Wewe umezijaribu chini ya bâche, mimi kwenye depo lililozibwa kwa magunia. Miezi mitatu barua zinakwenda na kurudi, za fundi na za mwalimu wa fizikia, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba mchana kuna jua. Wa darasa la sita walianza: mbabula, mbabula. Plamedi aliangalia chini. Nilitamani nipande ndani ya chombo niondoke nacho.

Hapo ndipo Mama alipoinuka. Alikuja na goti lake, pole pole, akafungua kikwembe chake cha juu, kile kikubwa cha maua ya kijani, akakitupa juu ya chombo na meza yote. Akasema: «Sasa mutu mumoja mumoja. Muingize kichwa.»

Padri aliingiza wa kwanza. Tuliona mgongo wake tu, kisha tukasikia kutoka ndani ya kitambaa: «Ooo.» Basi. Shehe wa mtaa wetu akavua kofia akaingia, akakaa mpaka mkewe Safia akamvuta kwa kanzu. Mstari ulifika mpaka kwenye mlango wa shule, na uwanja mzima ukacheka migongo ya wakubwa. Waliokwisha kuona walirudi nyuma ya mstari kimya kimya. Wa darasa la sita waliingia kwa adabu, mmoja akauliza kama kuna nafasi ya abiria. Daraja walilolitengeneza wao kwa jubile hakuna aliyelitazama tena.

Mwisho Mama akaingia. Alitaka awashe mwenyewe, kwa hiyo nikazima, nikamwonyesha pa kushika. Mkono wake ukaingia chini ya kikwembe. Tak. Tak, alizima. Tak, aliwasha. Sijui mara ngapi. Watu wa nyuma walianza kulalamika. Alipotoka macho yalikuwa na maji, akasema ni joto.

Nyumbani aliniuliza: «Ile kichwa ya mti nani alikupa?» Sikuweza kumdanganya, unisamehe. Nilimsomea barua yako yote, mpaka penye tai ya matanga. Alisikiliza akiwa amefunga macho. Kisha alisema maneno haya, na aliniamuru niyaandike kama yalivyo, nisipunguze hata moja:

«Grégoire anafikiri mi sijue? Laetitia aliniambiaka wiki ileile. Redio ilikufa, na bwana yangu alikufa, mi nilizika wote wawili. Miaka kumi na moja niko nangojea mutu, hapana kipande. Akuje na hiyo redio, hata majivu yake.»

Na sasa mimi nina langu la kukiri. Niliandika kwamba Mama hajui ninakuandikia. Ulijiuliza nani aliniambia habari za gunia lako la tochi. Ni yeye. Mwezi wa pili, aliponiona ninahangaika na chombo, alisema: «Mwandikie mjomba wako. Lakini usiseme ni mimi.» Barua zako za nyuma zote amezisikia, na penye goti aliniomba nirudie mara mbili.

Kwa hiyo mjomba, katika familia hii mwongo si wewe peke yako. Njoo.

Elsa


Kabambare, tarehe 21 Juni 2023

Elsa,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa juu ya ndoo. Kisha nilimwendea Laetitia nikamuuliza kama ni kweli alimwambia yaya. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alisema «ndiyo», hakugeuza hata kichwa, akaendelea kutwanga. Miaka kumi na moja ninalala karibu na mtu huyu ninageuka geuka, na yeye anajua.

Habari ya jua sitaizungumza. Wateja wangu wameisikia kwa Paluku, na sasa kila mwenye tochi ananiuliza kama inafanya kazi mchana.

Redio nimeitoa sandukuni. Nimeifuta, nimetoa vilivyoungua, na nyuma ya kioo cha namba nimeweka taa mbili nyeupe, kila moja na rezistansi yake. Mapile nimeyaangalia mara tatu, Laetitia naye akaangalia. Sindano inabaki mahali Jean-Pierre alipoiacha. Ile kichwa ya mti mwombe Plamedi airudishe, kwa maana mbele ya redio pamebaki tundu, na chombo chenu nitakiletea swichi nyingine.

Paluku ananibeba Jumamosi ya tarehe mosi Julai. Nina dawa ya kuchua goti la kushoto, niliipata tangu mwezi wa nne. Redio itawaka, lakini haitasema neno. Nitasema mimi, yote, hata kama anayajua.

Mwambie yaya apike sombe, na asinitolee kiti cha wageni.

Grégoire